Mbele ya nyumba pamekuwa pori na hela ni ndogo: nyasi, kokoto, pevingi au matembele?

Nyumba nyingi za huku kwetu Dar, iwe Goba, Chanika, Mbagala au Kigamboni, hela inaishia kwenye bati, madirisha na tailizi, mbele ya nyumba panabaki kifusi cha mafundi, rundo la mchanga uliosalia na vipande vya tofali, mvua zikipiga misimu miwili mitatu unakuta majani yamefika kiunoni na watoto wanaogopa kupita hapo usiku. Ukiuliza watu ufanyeje wengi watakwambia weka pevingi usahau. Jibu hilo halimsaidii mtu aliyeshika laki mbili tatu mkononi na ada za shule zinamsubiri Januari, ndo maana nataka tuziweke hizi njia bega kwa bega tuone ipi inakula nini, sio hela tu, na maji, na muda wako wa jumapili.

Nitatumia eneo la mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80, we ukipima la kwako utapunguza au utaongeza. Bei za shilingi sitaweka kwa sababu kokoto ya Kunduchi na ya Lugoba haziwezi kuwa bei moja, na wa Tegeta halipi usafiri sawa na wa Mbagala, ila idadi ya vitu haibadiliki, ukishajua unahitaji vingapi unazidisha na bei ya mtaani kwako basi.

Kabla ya chochote kuna kusafisha, na hili ni sawa kwa njia zote, hamna ya kukwepa. Kijana wa kufyeka na kwanja anamaliza siku moja, lakini kufyeka sio kusafisha. Adui mkubwa hapa ni ndago. Ndago ina vitunguu vidogo vyeusi chini ya ardhi, ukipiga jembe juu juu unazikata na kuzisambaza, baada ya wiki mbili zimerudi nyingi kuliko mwanzo, kwa hiyo chimba udongo ukiwa na unyevu, uchambue kwa mkono, vitunguu vyote uvianike juani kwenye bati mpaka vife kabisa ndo utupe. Inachosha kweli ila ni kazi ya jasho sio ya hela. Na makopo, vifuu, matairi na ndoo zilizopasuka ziondoke siku hiyo hiyo, Dar tumepata milipuko ya homa ya dengi 2014 na 2019 na mbu wake anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotuama kwenye vitu kama hivyo, na huyu anauma mchana watoto wakiwa wanacheza hapo hapo nje. Vipande vya tofali usitupe, vina kazi mbele.

Haya sasa nyasi na kokoto, maana hapa ndo watu wengi wanasita.

Nyasi zinaonekana rahisi kwa sababu ukoka unaweza kuuomba bure kwa jirani. Usinunue zile zilizokatwa kama mikeka ukafunika mita 80 zote, hapo hela itakwisha siku moja. Chukua magunia machache ya ukoka, uchane vipande vyenye mizizi, upande kila baada ya sm 20, hiyo inakuja vipande 25 kila mita ya mraba, jumla 2,000 kwa eneo letu. Usiogope hiyo namba, ni vipande vya kidole tu, watu wawili wakiamka mapema wanamaliza wikiendi moja. Ukipanda mwanzoni mwa masika, mwezi wa tatu hivi, mpaka mvua zinakatika ardhi imefunga. Ukoka unataka jua kamili, kama una mwembe mkubwa mbele basi chukua nyasi za Pemba, zile za majani mapana, zinavumilia kivuli kiasi na hata chumvi ya hewa ya bahari hazijali sana. Nyasi za Kikuyu waachie wa Arusha, Njombe na Nairobi, hiyo ni nyasi ya nyanda za juu zenye baridi, huku pwani joto linaitesa.

Gharama ya nyasi inakuja baadaye, kwenye maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Kiangazi ukitaka nyasi zibaki kijani uzipe kama milimita 5 kila unapomwagilia, kwa mita 80 hiyo ni lita 400, ndoo 20 za lita ishirini ishirini. Mara mbili kwa wiki ni ndoo 40, na kwa mwezi unakaribia lita 3,500, yaani uniti tatu na nusu za maji ya bomba kwa ajili ya nyasi tu. Mtaa wenye mgao, au mtu ananunua maji ya boza, hiyo hesabu haikubali. Kuna njia nyingine ambayo mimi naiona ni ya haki kabisa, uache ukoka ukauke kiangazi uwe rangi ya kahawia, haufi, mizizi inalala, vuli ikianza mwezi wa kumi unarudi wenyewe. Kama wewe au mama watoto hamuwezi kuvumilia kuona ukavu miezi mitatu minne basi nyasi sio zenu.

Kokoto haili maji. Kwa unene wa sm 5 unahitaji mita za ujazo 4, hiyo inazidi uwezo wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kubeba kwa tripu moja, kwa hiyo hesabu usafiri mapema maana mara nyingi usafiri ndo unaouma. Chini wengi wanatandika nailoni nyeusi wakidhani magugu yamekwisha, sasa ndago inaitoboa nailoni kama hamna kitu, halafu maji ya mvua hayapiti yanatafuta njia yanabeba kokoto hadi barabarani. Ukitaka kutandika kitu, tandika viroba vya sandarusi vilivyofumwa, vinapitisha maji, ingawa juani havidumu kwa hiyo kokoto ivifunike vizuri kabisa. Na lazima uweke kingo, hapo ndo vile vipande vya tofali vinaingia, vilaze vizikwe nusu.

Ila kuna mambo mawili ya kokoto ambayo muuzaji hakwambii. La kwanza ni joto, saa nane mchana mwezi wa pili kokoto nyeupe mbele ya dirisha inarudisha mwanga na joto lote ndani, sebule inakuwa ngumu kukaa. La pili ni majani ya miti. Ufagio wa chelewa kwenye kokoto unafagia na kokoto zenyewe, kwa hiyo kama una mwembe au mwarobaini juu yake utaokota jani moja moja, majani yakioza yanakuwa udongo, udongo unaotesha magugu, na baada ya miaka miwili unakuwa na pori lenye kokoto. Bila mti juu kokoto iko vizuri, chini ya mti achana nayo.

Sehemu moja ambayo kokoto inashinda kila kitu ni ule ukanda chini ya bati, pale matone yanapodondoka na kurusha udongo ukutani rangi inachafuka kila mvua. Ukanda wa sm 60 kwa urefu wa mita 10 unataka mita za ujazo 0.3 tu, kama toroli tano. Hata uchague njia gani kati ya hizi, huo ukanda weka, utaokoa hela ya rangi.

Pevingi. Sina ugomvi nayo, ni imara, inafagilika, gari linapaki, shughuli ikija viti vinakaa bila kuzama. Lakini tuhesabu. Bloku ya sm 10 kwa 20 zinaingia 50 kwenye mita ya mraba, mita 80 ni bloku 4,000, bado za kuvunjika, bado mchanga wa kulalia wa sm 4 ambao ni zaidi ya mita za ujazo 3, bado moramu chini kama udongo ni tifutifu, kabstoni (mawe ya ukingo) pembeni, kompakta (mashine ya kushindilia) ya kukodi na fundi. Bei ya kila bloku unaweza kuiona ndogo dukani ila izidishe mara elfu nne kwanza. Na ukitaka gari lipite usikubali bloku za unene chini ya sm 6. Fundi akikwambia hamna haja ya kushindilia chini, mwache, utalipa mara mbili, bloku zinazama mstari wa matairi mvua ya kwanza tu.

Halafu maji ya mvua. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, ambayo masika ni ya kawaida sana, linakumwagia kama lita 2,000 mbele ya nyumba. Ardhi yenye mimea inakunywa sehemu kubwa, pevingi inaruhusu kidogo kwenye mianya na mengine yote yanaenda kwa jirani wa chini au yanarudi barazani kama mteremko umekosewa. Watu wa Kimara na Goba wanajua makorongo yanavyoanza, yanaanza na uwanja mmoja uliosakafiwa huko juu. Naomba sana mtu mwenye kiwanja cha mteremko asisakafie chote, hata kama hela anayo.

Sasa ukilinganisha pevingi ya uwanja mzima na slabu za kukanyagia, hapo ndo mtu wa hela ndogo anapona. Kitu unachokihitaji kweli kila siku ni njia ya kutoka getini mpaka mlangoni bila kukanyaga tope. Njia ya mita 8 yenye upana wa mita 1.2 kwa pevingi ni bloku 480, tayari umeshuka kutoka 4,000. Ukienda slabu unashuka zaidi. Tengeneza fremu ya mbao za inchi 2, ndani sm 50 kwa 50, paka oili chafu kidogo isigande, changanya zege ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto ndogo, jaza unene wa sm 5. Mfuko wa kilo 50 unatoa slabu kumi na moja kumi na mbili hivi. Ukizipanga kwa nafasi ya sm 10 kati yake, ambayo inaendana na hatua ya mtu mzima, mita 8 zinataka slabu 13. Yaani mfuko mmoja na kidogo wa saruji, haya chukua wa pili kwa ajili ya zitakazovunjika na zingine uweke pale mnapovulia viatu. Zimwagilie wiki nzima usiziache juani zikakauka haraka, zitapasuka. Chimba kila slabu ilale sawa na ardhi, sio juu, mtoto asijikwae na bibi asijikwae. Gari halipiti juu ya slabu hizi, kama unapaki ndani fanya mistari miwili ya tairi kwa pevingi ya sm 6, katikati acha ukoka.

Wengine wanaokoteza vigae vilivyovunjika wanabandika nje, inapendeza kwa macho, ila vigae vya ndani vile laini vikilowa vinateleza vibaya, usiweke njia ya kupita. Vya nje vyenye mikwaruzo sawa.

Nimefika kwenye ninayoipenda zaidi, mimea ya kuzidisha mwenyewe, na naanza na matembele kwa sababu watu hawayafikirii. Marando unaomba kwa jirani au unanunua mafungu machache, unapanda sm 30 kwa sm 30 mvua zikianza, ndani ya miezi miwili ardhi imefunikwa, magugu mengi yanakosa mwanga, udongo haubebwi na mvua na mboga unakata kila wiki. Hakuna kitu kingine hapa kinachokurudishia hela. Wanaosema inaonekana kama shamba mi nawaambia shida sio matembele, shida ni ukingo. Weka mstari ulionyooka wa vipande vya tofali, punguza marando yanayovuka, mbele yake panda mchaichai kwa mstari, mtu akipita atasema bustani. Mchaichai shina moja kubwa unaligawa mashina mengi, kila moja unalipanda sm 50 kutoka mwenzake, na kwenye mteremko ukiupanda kukata mteremko unashika udongo vizuri, tena majani ya chai hununui.

Ubaya wa matembele niseme wazi, hayakanyagwi, kuku wa kienyeji watayafukua yakiwa machanga kwa hiyo wafunge mwezi wa kwanza, na kiangazi bila maji yanasinyaa yanaacha mapengo. Hapo linganisha na karanga pori, ile inayotambaa yenye maua ya njano, inakaa kijani muda mrefu zaidi, inavumilia kukanyagwa kidogo na ni jamii ya kunde kwa hiyo inarutubisha udongo, ila inaenda taratibu na mbegu yake mara nyingi utainunua kwenye kitalu. Kama una subira nunua viroba vichache uvikate vikate, mwaka wa pili eneo zima lako.

Miche ya kununua vitalu vya barabarani sikatai, ukipita Barabara ya Bagamoyo unatamani vyote, lakini kabla ya kununua uliza hiki kinakubali kukatwa na kuchomekwa? Bogenvilia inakubali, kata tawi lililokomaa unene wa penseli, urefu wa sm 15 au 20, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, weka kivulini, baadhi zitakufa kwa hiyo chomeka nyingi. Sanseveria ile ya kingo za njano usiioteshe kwa kukata jani, itatoka ya kijani kitupu bila njano, gawa mashina yenye mizizi ndo rangi inabaki. Hiyo haitaki maji mengi, inafaa pale ukutani ambapo bomba halifiki. Waridi la jangwani pia linastahimili ukame na linatoa maua mazuri, ila utomvu wake ni sumu, wenye watoto wadogo liweke juu kwenye chungu.

Uzio nao unaingia kwenye bajeti. Mnyaa ni bure, unachomeka kijiti kinaota, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali, kwa nyumba yenye watoto mi nasema hapana. Michongoma inazuia hata ng'ombe ila inataka miaka na kupunguzwa kila mara. Bogenvilia iliyopandwa kila mita 1 inakupa miiba na maua kwa pamoja, ndo ningechukua. Miti mikubwa ya jamii ya mkuyu kaa nayo mbali na shimo la choo na mabomba, mizizi yake inafuata maji. Mlimao au mkomamanga unatosha kwa kivuli cha baraza na una matunda.

Basi nani achukue nini. Mpangaji usizike hela ardhini kwenye nyumba ya mtu, fanya slabu ambazo unaweza kuzing'oa ukaondoka nazo, matembele, na maua kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini. Mwenye nyumba wa mteremko, mchaichai kwanza, slabu, ukoka sehemu ya jua, kokoto chini ya bati tu. Mwenye gari, mistari miwili ya pevingi, mengine kijani. Mwenye watoto wengi wanaocheza mpira hapo mbele, ukoka ndo wenyewe, kitu kingine watakiharibu na kokoto zitawachuna magoti. Mtu anayesafiri sana hana wa kumwagilia wala mti mkubwa hana, huyo ndo kokoto inamfaa, na sanseveria pembeni. Anayekaa kwenye mchanga mtupu, kama sehemu nyingi za Kigamboni, hata uchague mmea gani changanya samadi kwanza, toroli moja kwa mita chache za mraba, mchanga haushiki maji wala chakula.

Mimi ningekuwa na eneo hilo la mita 80 na hela ndogo, ningetenga ya kijana wa kufyeka, mifuko miwili ya saruji, toroli tano za kokoto na samadi, mengine yote ningeomba kwa majirani, na watu wanatoa kweli ukiwaomba mche au rando, hasa ukienda na wewe una kitu cha kuwapa. Na kazi ningezigawa kwa majira. Kama unasoma hii katikati ya kiangazi usipande chochote sasa hivi, huu ni muda wa kulowesha udongo na kuchimba ndago, kuanika, kumwaga slabu na kusogeza kifusi, weka samadi wiki mbili kabla, vuli ikianza mwezi wa kumi panda mchaichai, bogenvilia na marando, ukoka uusubirishe mpaka masika ya mwezi wa tatu ndo una uhakika wa mvua za kutosha kuufunga. Januari na Februari jua ni kali sana, hapo weka majani makavu au maboksi kuzunguka miche na mwagilia jioni kwa maji uliyooshea mboga na mchele, ya kufulia yenye dawa ya kung'arishia nguo yasiingie humo.